Riwaya kongwe za Kiingereza zinatushinda kwa sababu tunazisoma kimya na peke yetu

Mzee wa Kurasa (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kila zikitajwa riwaya kongwe za Kiingereza, malalamiko ni yaleyale: lugha ngumu, sentensi hazina mwisho, mwandishi anaeleza kilima kurasa tatu kabla mtu hajafungua mlango. Mtu anaanza kwa hamu, anafika sura ya nne, kitabu kinabaki rafuni kama pambo. Mimi nasema kitabu hakina kosa. Vingi kati ya hivi havikuandikwa ili mtu ajifungie chumbani avimalize kwa pupa. Viliandikwa vitoke kwa mafungu, visomwe kwa sauti mbele ya watu, na katikati ya fungu na fungu watu wapate nafasi ya kubishana.

Charles Dickens alitoa riwaya yake The Pickwick Papers kwa vijitabu vya kila mwezi, mwaka 1836 hadi 1837, shilingi moja kijitabu. Great Expectations ikatoka kila wiki kwenye jarida lake mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Yaani msomaji wa kwanza wa Pip, mhusika mkuu, alikaa naye miezi minane. Wewe unataka kummaliza kati ya Ijumaa na Jumapili, halafu unasema anachosha! George Eliot, ambaye jina lake halisi ni Mary Ann Evans, aliitoa Middlemarch kwa mafungu manane, 1871 na 1872.

Na Jane Austen je? Yeye hakutoa kwa mafungu, ila nakala ya Pride and Prejudice ilipofika nyumbani kwao Chawton, Januari 1813, jioni ileile walianza kumsomea jirani yao, Miss Benn. Jirani huyo hakuambiwa kwamba mwandishi ndiye huyo aliyeketi naye. Tunayajua haya kwa sababu Austen alimwandikia dada yake, Cassandra. Barua iliyofuata ana malalamiko: mama yao anasoma mbiombio, na ingawa wahusika anawaelewa vizuri, hawezi kuwasemesha inavyotakiwa. Hebu fikiria, kitabu chako kinaharibiwa na mama yako mzazi na mgeni yupo, utasema nini.

Sisi tunasoma kwa kundi. Kundi letu ni la marafiki tu, hakuna mwalimu. Fungu linakuwa fupi, sura nne au tano, kila mtu alimudu. Kila mmoja anakuja na swali moja, na swali lazima liwe kesi: mhusika fulani alifanya jambo fulani, je, alikuwa na haki? "Dhamira", "falsafa ya mwandishi" na "funzo tunalolipata" tumevipiga marufuku, hivyo vibaki kwenye chumba cha mtihani. Anayetetea hoja anasoma mistari yenyewe kwa sauti. Sentensi nyingi zilizokushinda kwa macho zinafunguka zikipita sikioni.

Nitoe mfano. Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847), sura ya 9. Catherine, binti wa miaka kama 15, anaingia jikoni usiku kumtafuta Nelly, mtumishi wa nyumba. Anauliza, uko peke yako? Nelly anajibu ndiyo. Heathcliff, yule yatima aliyelelewa naye, yuko wapi? Kwenye kazi zake zizini. Kumbe Heathcliff hajatoka. Amejilaza kwenye benchi la ukutani, nyuma ya kiti kirefu cha mbao chenye mgongo mrefu, na Catherine aliyeketi chini hawezi kumwona. Binti anaanza kufunguka. Edgar Linton amemposa na amekubali. Nelly anamhoji kama wakili: unampendea nini? Mzuri, kijana, mchangamfu, atakuwa tajiri. Kisha Catherine anasema kwamba kuolewa na Heathcliff kwa hali aliyo nayo sasa kungemshusha hadhi.

Hapo Heathcliff ananyanyuka na kutoka bila kishindo. Asichokisikia ni kilichofuata papo hapo: kwamba Catherine anampenda, na kwamba Heathcliff ni Catherine kuliko Catherine mwenyewe alivyo.

Sasa msikilize Nelly. Yeye amemwona akitoka. Anashtuka, anamwambia binti anyamaze. Kwa nini? Eti Joseph, mtumishi mwenzake, anakuja, magurudumu ya mkokoteni wake yanasikika barabarani, na huenda Heathcliff ndiye huyo mlangoni. Catherine anajibu kwamba akiwa mlangoni hawezi kuwa amesikia, na anaendelea kumwaga moyo. Nelly anamwacha aendelee. Anakuja kumnong'oneza ukweli baadaye, wakati wa chakula cha jioni, Heathcliff alipoitwa hakuitika. Usiku ule mvua na radi, kijana ameshatoweka, na harudi mpaka miaka mitatu ipite.

Kesi: Nelly ana hatia? Sisi tuligawanyika vibaya sana. Mmoja alisema mtumishi akikurupuka kumkimbilia mtu gizani, mambo ya wakubwa yatamrudia yeye. Mwingine akasema Nelly hakuitaka ndoa yoyote kati ya hao wawili. Halafu rafiki ambaye huwa haongei akatupa neno lililotunyamazisha: yote haya tunayajua kutoka kwa nani? Kwa Nelly mwenyewe, anayemsimulia mpangaji Lockwood miaka mingi baadaye. Mshtakiwa ndiye shahidi pekee. Kama amekiri hili, je, asilokiri ni lipi? Tukarudi kusoma upya sura zote za nyuma, na hakuna aliyelalamikia lugha tena.

Nawasilisha. Leteni kesi zenu.

---

binti_kimya

Mkuu, uzi mzuri ila umemwonea Nelly. Catherine alishakubali posa ya Edgar KABLA hajaingia jikoni. Hata Heathcliff angesikia hotuba yote mpaka mwisho, angekuwa amesikia mwanamke anayempenda akieleza mpango wa kuolewa na mwingine. Tena mpango wenyewe una sehemu ya pili: pesa za Linton zimsaidie Heathcliff kujinasua mikononi mwa Hindley, kaka yake Catherine. Nelly anamwambia palepale kwamba hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote alizotoa. Wewe ungekuwa Heathcliff, hiyo ingekufariji?

---

Mzee wa Kurasa

Dada, hapo pa pesa za mume mimi nilipapita juu juu. Lakini kosa la Catherine halifuti la Nelly. Kesi mbili, washtakiwa wawili.

---

Kalamu Butu

Wakuu, mimi ni mgeni kabisa kwenye mambo haya. Nilisoma vitabu vya Kiingereza vya shule tu, navyo kwa kulazimishwa. Nianze na kipi, na navipata wapi bila gharama?

---

Mzee wa Kurasa

Karibu sana kaka. Gharama ondoa shaka, hakimiliki za vitabu hivi zimeisha zamani. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, inavyo vyote nilivyovitaja mpaka sasa. LibriVox, tangu 2005, ina watu wa kujitolea wanaovisoma kwa sauti na kuvirekodi. Wengine wanasoma vizuri ajabu, wengine kama mama yake Austen.

Kwa kuanzia usiguse Middlemarch, ina sura 86 na utakata tamaa. Chukua kifupi. A Christmas Carol (1843) ina sehemu tano tu. The Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya Stevenson (1886) unaimaliza kwa mikao michache. Ila ningekuwa wewe ningechukua Frankenstein, na ukiichukua kuna jambo la kuangalia kwanza.

Frankenstein ina matoleo mawili. Mary Shelley aliitoa 1818 bila jina lake, kisha akaipitia upya na kuitoa tena 1831. Kwenye la 1818, Elizabeth, mchumba wa mhusika mkuu Victor Frankenstein, ni binamu yake. Kwenye la 1831 ni yatima aliyeokotwa kwenye familia maskini. Wewe ukishika moja na mwenzako jingine, mtabishana jioni nzima juu ya jambo ambalo wote mko sahihi. Na namba za sura nazo: vitabu vingi vya wakati ule vilitoka kwa juzuu tatu, na sura zilianza moja upya kila juzuu. Pride and Prejudice ina sura 61 ukizihesabu mfululizo, lakini kuna nakala zinazoandika "juzuu ya pili, sura ya 5". Kurasa ndiyo kabisa msizitaje, kila simu ina ukurasa wake. Tajeni maneno ya mwanzo na ya mwisho ya fungu, yatosha.

Kitabu chenyewe ni matunda ya marafiki. Mwaka 1816, karibu na Geneva, mvua imewafungia ndani, yuko Byron, Percy Shelley, daktari Polidori na Mary mwenye miaka 18. Wanasomeana hadithi za mizimu, Byron anasema kila mtu atunge yake. Polidori alikuja kutoa The Vampyre. Hao washairi wawili wakubwa wakaishia njiani, binti akaleta kitabu.

---

Mpinga Kasumba

Samahani kwa kuharibu sherehe. Kwa nini tujitese na vitabu vya watu waliokuwa wanatawala nusu ya dunia huku wanakunywa chai? Hao wakina Darcy, yule tajiri wa Pride and Prejudice, utajiri wao ulitoka wapi? Sisi tunahusikaje na nani kamwoa nani huko mashambani kwa Waingereza?

---

Mzee wa Kurasa

Mkuu, hujaharibu kitu. Hilo swali ndilo linalofanya mtu ahitaji wenzake wa kusoma nao, kwa sababu mtu mmoja peke yake hulipita bila kuliona.

Mansfield Park ya Austen (1814). Sir Thomas Bertram, mwenye nyumba kubwa inayobeba jina la kitabu, ana mali Antigua. Anasafiri kwenda huko, anarudi. Fanny, mpwa maskini aliyelelewa humo, baadaye anamwambia binamu yake kwamba alimuuliza mjomba kuhusu biashara ya watumwa, na kukawa kimya kabisa. Ni mistari michache tu. Wapo waliosoma kitabu kizima wasiikumbuke. Mhakiki Edward Said aliandika sana juu ya kitabu hicho na Antigua yake, 1993, na tangu hapo ubishi haujapoa: kimya kile ni cha aibu, cha uchovu, au mabinamu wanaona Fanny anajipendekeza?

Jane Eyre (1847) vilevile. Mke aliyefungiwa darini, Bertha, ametoka Jamaica, na mumewe, Rochester, alimwoa kwa mpango wa pesa. Charlotte Brontë hakumpa nafasi ya kujieleza hata sentensi moja. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, akakaa chini akamwandikia upande wake, Wide Sargasso Sea, 1966. Na Achebe, mwaka 1975, alisimama kwenye chuo kikuu cha Massachusetts akamchambua Conrad na Heart of Darkness yake, hadithi ya safari ya Mzungu barani Afrika, akamwita mbaguzi wa rangi waziwazi. Unaweza kumpinga Achebe au kumuunga mkono, lakini huwezi kusema hakusoma. Alimsoma Conrad mstari kwa mstari. Mimi ubishi wa namna hiyo ndio naupenda. Wa kukataa jalada siutaki.

---

Mpinga Kasumba

Hiyo ya Fanny sikuijua. Nitaitafuta. Msimamo wangu bado uko palepale.

---

mama_wa_hesabu

Nimesoma uzi wote na naona mmeruka jambo moja: HELA. Riwaya hizi zimejaa namba, na msipozipigia hesabu hamtaelewa kwa nini watu wanalia.

Chukueni Pride and Prejudice. Darcy anaingiza pauni 10,000 kwa mwaka. Mzee Bennet anaingiza 2,000, si haba, lakini ardhi imefungwa kisheria iende kwa mwanamume, na yeye ana mabinti watano. Akifa, kila kitu kinakwenda kwa ndugu yake wa mbali, Mr Collins. Bintiye Elizabeth atabaki na nini? Anayetuambia ni Collins mwenyewe, tena wakati anamposa! Anamwambia kwamba fungu lake ni pauni 1,000 kwenye hati fungani za serikali zenye riba ya asilimia nne, na hata hizo hazipati mpaka mama yake afe. Pigeni hesabu: pauni 40 kwa mwaka. Kisha anamhakikishia kwamba wakishaoana hatamsimanga kwa hilo. Mwanamume anakuposa huku anakusomea salio lako.

Elizabeth anamkataa, sote tunashangilia. Lakini kesi yangu ni Charlotte Lucas, rafiki yake. Miaka 27, si mrembo, baba ana cheo cha Sir lakini mfuko mwepesi. Collins anahamia kwake papo hapo, posa mbili ndani ya siku tatu, na Charlotte anakubali. Elizabeth anamwona kama amejiuza. Nami nauliza: Elizabeth alikuwa na haki ya kumhukumu?

Angalieni kitabu kinavyoeleza nyumba ya kina Lucas siku ile. Wadogo zake wa kike wanafurahi kwamba sasa zamu yao ya kutambulishwa kwenye jamii kama mabinti wa kuposwa itafika mapema. Kaka zake wanashusha pumzi kwamba dada yao hatazeekea nyumbani. Hakuna anayeuliza kama atafurahi. Halafu nendeni Hunsford, nyumbani kwa Collins, Elizabeth anapomtembelea rafiki yake. Charlotte anamhimiza mume akalime bustani, kwa afya yake. Amechagua chumba cha kukaa kilicho nyuma ya nyumba, kibaya kuliko chumba cha kulia chakula, na Elizabeth anashangaa, mpaka anaelewa: wangekaa kwenye kile kizuri, Collins angeshinda humo nao. Chumba cha mume kinatazama barabara, naye anakipenda kwa sababu anaona magari ya farasi yanayopita. Huyo mwanamke amepanga nyumba nzima ili apate saa zake mwenyewe. Mimi kura yangu ni ya Charlotte, na kwenye kundi langu waliompinga ni wale tu ambao hawajawahi kulipa kodi ya nyumba.

---

binti_kimya

Mama umetisha. Ila namtetea Elizabeth kidogo. Hakumhukumu kwa kuolewa bila mapenzi tu, alimhukumu kwa kumchagua mtu ambaye yeye mwenyewe Charlotte anajua ni mpumbavu, na atalazimika kumwonea aibu maisha yote. Kuna mahali Hunsford, Collins anasema jambo la aibu, na Charlotte uso unamwiva kidogo kwa haya. Mara nyingi anajifanya hakusikia. Hiyo "kujifanya hakusikia" mimi naiona bei kubwa kuliko pauni.

---

mama_wa_hesabu

Bei kubwa, sawa. Mwenzake ana pauni 40 kwa mwaka na masikio mazima.

---

Kalamu Butu

Nina swali la kiutendaji. Kwenye kundi la marafiki lazima awepo ambaye hajasoma, na yule aliyeangalia filamu halafu anaongea kuliko wote. Mnafanyaje?

---

Mzee wa Kurasa

Asiyesoma tunampa ujaji. Hana ruhusa ya kuchangia hoja, anasikiliza pande mbili na kutoa hukumu. Faida yake ni kwamba wabishi wanalazimika kumsimulia vizuri, na ukimsimulia mtu asiyejua ndipo unapobaini sehemu ulizozipita. Mara nyingi jaji huyo fungu linalofuata anakuja amesoma, maana kunyamaza saa nzima ni adhabu.

Wa filamu ni mgumu zaidi. Tunamwomba atuonyeshe mstari. Akisema Heathcliff alifanya hivi, tunamwambia tusomee. Filamu nyingi za Wuthering Heights huishia Catherine anapofariki, na kitabu hapo kiko katikati tu, sura ya 16 kati ya 34! Kizazi cha pili chote hakijui.

Kuhusu wanaojua mwisho na kuumwaga: kitabu pekee ambacho tumeruhusu hilo ni Great Expectations, kwa sababu kina miisho miwili. Wa kwanza, Pip na Estella, mwanamke anayempenda tangu utotoni, wanakutana njiani London, Estella ameshaolewa tena na daktari, wanasalimiana na kuachana. Dickens alimwonyesha rafiki yake Bulwer-Lytton kabla haujachapwa, naye akamsihi aubadilishe, na Dickens akaandika ule wa kwenye magofu ya bustani, ambapo Pip haoni kivuli cha kuachana tena. Huu ndio uliochapishwa. Ule wa kwanza rafiki yake John Forster aliutoa baada ya Dickens kufariki mwaka 1870. Someni yote miwili kwa sauti, mfululizo. Mimi naushikilia ule wa njiani. Bulwer-Lytton angeachwa na riwaya zake mwenyewe.

---

mama_wa_hesabu

Kwenye hilo tutagombana. Mtu kateseka sura 59, mwacheni apate hata mkono wa kushika.

---

Kalamu Butu

Nimeshapakua Frankenstein, utangulizi unasema 1831. Mshikaji wangu amepakua hiyohiyo, tumeshaweka mipaka ya fungu la kwanza: barua zote nne za Walton. Nimezimaliza na, kusema kweli, hazikuwa ngumu. Swali langu la kesi hili hapa. Huyu Walton amekodi meli, amechukua watu wazima wenye maisha yao, anawapeleka kwenye barafu ya kaskazini ili apate sifa ya kugundua njia. Anamwandikia dada yake kwa mbwembwe zote, analalamika hana rafiki, ila mabaharia sijaona akiwauliza kama wao wanaitaka hiyo sifa. Ana haki ya kuhatarisha roho za watu kwa ndoto yake?

---

Mzee wa Kurasa

Umeanza vizuri kuliko wengi. Liandike mahali swali hilo, na yeyote humu aliyekwisha kumaliza kitabu asikujibu mpaka ufike barua za mwisho.